Siku ya Mtihani Haiguswi

Siku ya mtihani haiguswi. Hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyomsikia Mwalimu akisema, na hata leo nikiyakumbuka nasikia harufu ya kile chumba cha chini ya kanisa pale Bladensburg, Marekani, harufu ya zulia lililowahi kuloa maji likakaushwa nusunusu. Alikuwa amesimama mbele ya ubao mdogo mweupe, amevaa sweta la kijani lililochakaa viwikoni. Kijana mmoja alikuwa amemuuliza kama mtu asiyejiandaa anaweza kuomba tarehe nyingine. Mwalimu hakumkaripia. Alimtazama kwa huruma tu, akayasema maneno yake, akageuka kuendelea na hesabu za matone ya dripu.

Vitu vingine vyote duniani vilikuwa vinagusika. Kuna bibi harusi wa Germantown, ukumbi umeshalipiwa, keki imeshaagizwa, Mwalimu akampigia simu akamwambia harusi yake imeangukia wikendi mbaya, kwa sababu wasimamizi wake wawili ni wanafunzi na wana mtihani Jumatatu. Binti wa watu alilia, mama yake akalia kwa kadi ya simu kutoka Nakuru, na harusi ikasogezwa. Alishasogeza maombi ya kumshukuru Mungu kwa ajili ya mtoto mchanga. Alishasogeza harambee ya mazishi, jambo ambalo kwetu ni karibu na kumwambia marehemu asubiri. Krismasi alifundisha hadi saa nane mchana, tukaenda kula nyama imeshapoa.

Hatukuwa watu wa kujivunia chochote miaka ile ya mwisho ya tisini. Wengi wetu tulikuwa tunatunza wazee majumbani na kwenye nyumba za wazee, tunaogesha, tunageuza, tunalisha, na kila mmoja wetu alikuwa na ndoto moja ya kuwa nesi. Mlango wa ndoto hiyo ulikuwa mtihani wa kuingia shule ya uuguzi, na Mwalimu alitufundisha bure kila Jumapili mchana, ibada ya Kiswahili ikishamalizika. Yeye mwenyewe alikuwa mtunza wazee kama sisi. Alikaa na mzee mmoja wa Kizungu huko Springfield, na ruhusa yake ilikuwa siku ya Jumapili tu, isipokuwa sikukuu na siku za mitihani yetu, ambazo aliziomba mapema.

Alikuwa na desturi ambayo sijaiona kwa mwalimu mwingine yeyote. Wiki moja kabla ya mtihani alitujaza kwenye Toyota yake, tukabanana kama magunia, akatupeleka kuuona mlango. Si kusoma, si kuomba, kuuona mlango tu. Tulishuka mbele ya jengo la chuo, kila mmoja akashika kitasa, akarudi garini. "Mtihani una maswali yake," alisema. "Mlango usiwe swali." Walinzi wa pale walizoea kuona foleni ya Waafrika waliovaa nguo za kanisani wakishika kitasa kwa zamu, na mmoja wao akawa anatufungulia kabisa.

Kichekesho ni kwamba mtu huyu aliyeogopa sana wengine wasipotee, yeye mwenyewe alipotea kila siku. Makutano ya barabara pale Springfield, ambako aliishi, yalimshinda miaka yote. Tulikuwa tunamwona anaipita njia yake ya kutokea, anaitazama ikienda zake, halafu anasema kwa utulivu, "Hapo nilipaswa kutoka." Hatukumcheka waziwazi. Tulisubiri tufike nyumbani.

Mambo yake mengine yalitoka India, ambako alikaa ujana wake. Alikwenda kusomea udaktari akarudi bila udaktari, na sehemu hiyo hakuificha. Alipika dengu kila siku ambayo Mungu aliifanya. Alikuwa na chupa ya achari ya ndimu kali ajabu, na mtu akilalamika kwamba masomo ni magumu, alimpa kipande kidogo cha ndimu ile ale kwanza, ndipo aendelee kulalamika. Chai aliichemsha na tangawizi mpaka ikawa na rangi ya matofali.

Hadithi yake maarufu ilikuwa ya kesi. Kule India, akiwa kijana, aliwaongoza wanafunzi wenzake wa Kiafrika kwenda mahakamani kupinga tarehe ya mtihani wa kuingia chuo cha udaktari, na jaji akawapa haki, akausogeza mtihani. "Nilishinda kesi," alikuwa akisema, kisha anangoja kidogo, "nikafeli mtihani." Sote tulicheka. Aliisimulia mara nyingi hivi kwamba tulijua ataanza lini, na tulicheka kabla hajafika mwisho. Yeye pia alicheka, lakini alikuwa mtu wa kumaliza kucheka kabla ya wengine.

Nilipaswa kujiuliza zaidi. Mtu mwenye ushindi kama huo angetamba na sheria, lakini Mwalimu aliikwepa mahakama kama mbwa anavyokwepa maji ya moto. Askari akimpa karatasi ya kuegesha gari vibaya, hata kama kibao kilikuwa kimeanguka na haki ni yake waziwazi, alilipa akanyamaza. Tulidhani ni woga wa kawaida wa mgeni.

Halafu kulikuwa na shati. Sweta la kijani lilikuwa la siku zote, lakini asubuhi ya mtihani wa wanafunzi wake Mwalimu alivaa shati la buluu iliyopauka, lenye kola ya mtindo wa zamani na vifungo vilivyoshonwa kwa uzi mweupe. Lilikuwa limembana mabegani. Alisimama mlangoni nalo, iwe baridi iwe joto, akimpa kila mmoja wetu mkono. Siku moja nilimwambia nitamnunulia jingine. Alinijibu kwa ukali ambao haukuwa wake kwamba hajaomba shati.

Sasa nije kwa Kemunto.

Kemunto alikuwa Mkisii, Msabato wa kuzaliwa, msichana mwenye sauti ya chini na akili ya haraka kuliko sisi sote darasani. Jumamosi alikwenda kwenye kanisa lake, Jumapili akaja kwetu kwa ajili ya masomo. Karatasi zake za kukaa nchini zilitegemea shule. Kozi aliyokuwa nayo ilikuwa inamalizika, na asipoingia shule ya uuguzi msimu ule, angepaswa kufunga sanduku arudi nyumbani, ambako wadogo zake walisoma kwa mshahara wake.

Tarehe ya mtihani ilipotoka, ilikuwa Jumamosi.

Alimngoja Mwalimu amalize somo, akasimama. Sote tulikuwa bado tumekaa.

"Mwalimu, wameweka Saturday. Na mimi Saturday siwezi. Jua likiingia Friday jioni nimeweka kalamu chini mpaka liingie tena kesho yake."

"Umewapigia?"

"Nimecall mara nyingi. Yule mama wa ofisi anasema date ni moja, everybody the same. Sasa nataka twende na wewe, uniongelee. Wakikataa, nimepata lawyer, anasema tunaweza enda korti. Lakini nimemwambia tuanze na mzee wetu kwanza."

Lazima nieleze hapa. Kwetu, mtu mwenye neno na wakubwa haendi peke yake. Anakwenda na mtu mzima, na huyo mtu mzima ndiye anayefungua mdomo kwanza, hata kama mwenye shida anajua kusema vizuri zaidi. Tuliivuka bahari na desturi hiyo. Tulimpeleka mzee kwa mwenye nyumba, tulimpeleka mzee kwa mchungaji, kuna mtu alimpeleka mzee kwa meneja wa duka la magari. Kwenda peke yako ni kutangaza kwamba huna watu. Na mzee akiombwa mbele ya watu hakatai. Anaweza kwenda akasema vibaya, lakini haachi kwenda.

Mwalimu alikuwa ameshika kalamu ya ubao, anafunika na kufunua kifuniko chake.

"Siku ya mtihani haiguswi," alisema.

"Hata kama ni Sabato ya Mungu?"

"Mungu ana siku nyingi. Mtihani una moja."

Nadhani alitaka kuyarudisha maneno yale hata kabla hayajamtoka, kwa sababu alinyoosha mkono kidogo, kisha akaushusha. Kemunto hakulia. Aliweka vitabu vyake kwenye mfuko, akatuambia kwaheri mmoja mmoja, akaondoka. Hakuna aliyemfuata. Mimi mtihani wangu ulikuwa Jumamosi hiyo hiyo, nilikuwa namhitaji Mwalimu, na sikutaka aone nimechagua upande. Niliangalia daftari langu mpaka mlango ulipofungwa. Ni kitendo kidogo sana kuangalia daftari, na bado kinanichoma.

Jumamosi ikafika. Mwalimu alikuwa mlangoni na shati lake. Alinipa mkono, lakini macho yake yalikuwa nyuma yangu, kwenye uwanja wa magari. Wote tulipokwisha kuingia alibaki amesimama pale, na hata nilipokuwa najibu maswali ya mwanzo niliona kupitia kioo kwamba hajaondoka. Alikuwa anamngoja Kemunto, ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemkatalia.

Nilifaulu. Sikutaka kumwambia kwa simu, nikapanda basi mpaka Springfield, nyumba ya yule mzee aliyekuwa anamtunza. Nilimkuta anamnyoa. Mzee alikuwa ameketi karibu na dirisha, taulo shingoni, na kila baada ya muda aliuliza kwa Kiingereza leo ni siku gani. Mwalimu alimjibu kila mara kama ndiyo kwanza ameulizwa.

"Alhamisi, bwana."

Nilimwambia nimefaulu. Akasema vizuri, vizuri sana, akaendelea kunyoa. Nilikuwa nimetarajia angalau aweke wembe chini.

"Kemunto je?" akauliza.

"Hakufanya. Yuko na yule lawyer. Karatasi zake zinaisha kabla ya shule kufunguliwa."

Alimfuta mzee sabuni masikioni, taratibu, kama anayetafuta kazi zaidi ya kufanya. Kisha akaniambia habari ya kesi ya India, sehemu ambayo hatukuwahi kuisikia.

Vyeti vyao Waafrika vilikuwa havijafika kutoka nyumbani, na bila cheti huruhusiwi kuingia kwenye mtihani. Yeye ndiye aliyejifanya kichwa cha kundi. Walikwenda kwa jaji wakaomba mtihani usogezwe mpaka vyeti vifike, na jaji akausogeza, kwa watu wote. Bwenini alikuwa analala chumba kimoja na kijana wa Kihindi, mtoto wa fundi cherehani, ambaye alikuwa amesoma mpaka vitabu vikamkaa kichwani na kurasa zake. Umri wa kuruhusiwa ulikuwa unampita mwaka ule. Ilikuwa nafasi yake ya mwisho.

"Ile siku ya kwanza, ile iliyofutwa, aliamka mzima kabisa," Mwalimu alisema. "Nakumbuka kwa sababu tulikwenda sokoni, tukanunua machungwa, alikuwa anaimba njiani. Siku ya pili, ile niliyoiomba mimi, alikuwa amelala na homa ya matumbo. Hata nilipomwita jina hakunijua."

"Haikuwa makosa yako."

"Alipopona akarudi kwa baba yake kushona. Kabla ya kuondoka alinipima mabega kwa kamba, akanishonea lile shati. Akaniambia daktari lazima awe na shati zuri. Matokeo yalikuwa bado hayajatoka."

Mzee akauliza leo ni siku gani.

"Alhamisi, bwana." Mwalimu akanigeukia. "Ningekwenda na yule mtoto, wangesogeza. Najua kuongea, wangesogeza. Na mahali fulani kuna mtu angeamka siku hiyo mpya na homa yake, mimi nisimjue hata kwa sura."

"Lakini sasa aliyekosa ni Kemunto. Huyu unamjua."

"Ndiyo," alisema. "Nilisogeza nikamuumiza mtu. Nimekataa kusogeza nimemuumiza mtu. Wewe umefaulu mtihani. Niambie nilipaswa kufanya nini."

Nilipanda basi kurudi nikiwa na hasira naye, na nikiwa na hasira na nafsi yangu kwa kuwa na hasira naye. Jumapili iliyofuata hakuja darasani. Wala iliyofuata. Tuliambiwa mzee wake hajisikii vizuri, tukaamini kwa sababu kuamini kulikuwa rahisi. Mimi nikashika kalamu ya ubao kwa muda, nikafundisha vibaya.

Wakili wa Kemunto alikuwa mwanamke mweusi wa Kimarekani aliyejifunza Kiswahili chuoni, akawa anakuja ibada yetu ili lugha isimtoke. Alisema Kiswahili safi kuliko sisi, mpaka tuliona aibu. Sisi watu wa bara hatukuzoea shikamoo, yeye alimwamkia kila mwenye mvi. Alikuja kuniomba nimsindikize Kemunto mahakamani.

"Bi Kemunto anasema si vizuri aende bila mtu wake," aliniambia, akichagua kila neno. "Mimi ni wakili wake, lakini anasema mimi si mtu wake. Nimeelewa, nadhani."

Nilikwenda. Sikuwa mzee, sikuwa na mvi hata moja, na hakuna aliyeniomba nifungue mdomo. Nilikaa nyuma ya Kemunto kwenye benchi, mkoba wake mapajani mwangu. Safari hii sikuangalia chini. Jaji alisikiliza pande mbili na hakuchukua muda mrefu. Akaamuru Kemunto apewe siku isiyo Sabato, mapema, kabla ya shule kufunguliwa. Habari ikaruka kutoka Bladensburg mpaka Germantown jioni ile ile, na kama kawaida ilibadilika njiani. Kufika kwa watu ilikuwa imekuwa hivi: Kemunto ameshinda, mtihani umesogezwa.

Jumapili ya mtihani nilimpeleka kwa gari langu bovu. Alikuwa anasugua kidole gumba kwenye kifungo cha koti. Tulipoingia kwenye uwanja wa magari, Toyota ya Mwalimu ilikuwa imeegeshwa pembeni kabisa, na yeye amesimama kando yake. Alikuwa amevaa shati la buluu.

Hakutusogelea. Kemunto alimwona, akasimama kidogo, na mimi nikasimama naye. Kisha akavuka uwanja peke yake akaenda alipokuwa.

"Mwalimu, umekuja."

"Nimekuja. Kama hutaki nitaondoka."

"Shika hii," akasema, akampa koti lake. "Ndani kuna joto."

Akarudi, akanipita, akashika kitasa cha mlango kama alivyofundishwa, akaingia. Mwalimu alibaki ameshika koti kwa mikono miwili, mbali kidogo na mwili wake, kama mtu aliyepewa mtoto wa wengine. Halafu alinifuata mlangoni. Mlinzi alikuwa yule yule aliyekuwa akitufungulia.

"Ni watu wangapi waliotakiwa kubadilisha tarehe kwa ajili ya huyu dada?" Mwalimu alimuuliza kwa Kiingereza chake cha kunyooka. "Wako wapi wengine? Kuna aliyekuja leo akashindwa? Kuna mgonjwa?"

Mlinzi alimtazama, akanitazama mimi.

"Hakuna mtu, mzee. Wengine walifanya siku yao zamani. Leo tumefungua chumba tu."

"Chumba tu."

"Chumba kimoja na msimamizi mmoja. Mimi ningekuwa hapa hata hivyo."

Mwalimu alimshukuru, adabu haikumtoka. Chumba chenyewe kilikuwa chini, dirisha lake kubwa likitazama uwanja wa magari. Tulisimama kwenye majani nje yake. Ndani, Kemunto alikuwa ameketi mstari wa mbele, kichwa kimeinama, ameshaanza. Msimamizi alikuwa anasoma gazeti. Nyuma ya Kemunto viti vilikuwa vimepangwa safu kwa safu mpaka ukutani, vyote vitupu.

Nilidhani atafurahi. Nilikuwa karibu kumwambia unaona, hakuna aliyeumia, twende tukamnunulie Kemunto chakula akitoka. Lakini nilipomgeukia niliona koti la Kemunto amelikumbatia kifuani, juu ya lile shati. Hakuwa anamwangalia Kemunto. Alikuwa anaangalia viti.

"Kule India ningeomba chumba," alisema. "Jaji alikuwa mtu mwema, angetupa. Wenye vyeti wafanye siku yao, sisi watufungulie chumba vyetu vikifika. Hata halikunijia akilini."

"Ulikuwa kijana, Mwalimu."

"Angefanya ile siku ya machungwa," alisema.

Nilimshika mkono. Tulisimama vile mpaka Kemunto alipoinua kichwa, akatuona kupitia kioo, akatupungia kidogo kwa kalamu, akarudi kwenye maswali yake.